Ng'ombe Aliyechinjwa na Biasha

Zamani za Mwingereza, pale Mitole, mwanamke akitaka kuchinja kuku alikwenda kusimama njiani. Mkono mmoja kuku, mkono mmoja kisu, anangoja apite mwanamume. Akipita mzee, heri. Akipita kijana na mzigo wake wa mihogo, anatuliwa mzigo achinje. Wakikosekana wote, hukamatwa hata kitoto kilichotoka jandoni juzi, kikashikishwa kisu na kuambiwa, "Kata hapa." Mama yangu alinisimulia kwamba kuna siku kuku alining'inia kichwa chini tangu asubuhi hadi adhuhuri, akachoka hata kupapatika, na aliyemshika naye kachoka kusimama. Sheria hiyo, kwamba mwanamke hachinji, hakuna aliyeisoma mahali. Waliwakuta wakubwa wao wakisimama, nao wakasimama.

Biasha, ambaye habari zake ndizo hizi, alisimama njiani kama wenzake mpaka alipoolewa na Likwata. Likwata alikuwa mchinjaji wa Mitole. Iddi, maulidi, hitima, harusi, aliitwa yeye. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Mnyama akiletwa, kwanza alimpa maji na kumfunga kivulini apumzike. Kisu kilinolewa nyuma ya nyumba, mnyama asikione, na mnoaji hakuwa mwingine ila mkewe. Biasha alikuwa hodari wa kunoa. Alikaa na jiwe lake la mtoni hata jua likamwondokea, kisha akakijaribu kisu kwa unyoya wa kuku. Unyoya ukikatika pasipo kuvutwa ndipo alipompelekea mumewe. Biasha mwenyewe akaenda kushika kichwa cha mnyama na kumsemesha chini chini, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Unamwambia nini?" Likwata alimwuliza siku moja.

"Namwambia pole."

"Anasikia?"

"Sijui. Lakini mimi nasikia."

Likwata akacheka, akaendelea na kazi yake. Waliishi hivyo miaka mingi, hawakujaliwa mtoto, wakafuga mbuzi. Masika moja Likwata akashikwa na kichomi, hakuinuka tena.

Kazi ya kuchinja ikamwangukia mdogo wake, Kondo. Kondo hakuwa mtu mbaya, na hili lazima lisemwe. Alikuwa mkulima hodari, mkarimu, mcheshi, akiingia mahali hata wagonjwa hucheka. Ila mnyama kwake alikuwa mzigo kama gunia la ufuta. Mbuzi alimburuta kwa mguu. Wawili akawafunga pamoja, mmoja akachinjwa mwenziwe akitazama. Kisu chake kilikuwa kikubwa cha kutisha, na makali yake yalifaa kukwangulia mihogo.

"Shemeji," Biasha alimwambia, "nipe kisu nikunolee."

"Shemeji, nyama ni nyama," Kondo akajibu. "Hata ukimwimbia, mwisho wake chungu." Watu wakacheka.

Iddi moja alisimama pembeni akamwona Kondo akimchinja beberu mmoja. Alikata, akarudia, akarudia tena kama mtu anayekata gogo, na huku anazungumza na watu habari za nguruwe walioingia shambani kwake. Biasha akapewa fungu lake la nyama katika jani la mgomba. Alifika nalo nyumbani, akaliweka mbele yake, akalitazama. Mwisho akalifunga tena, akampelekea jirani.

"Umeacha kula nyama, Bi Biasha?" jirani akamwuliza. "Bado unamlilia marehemu?"

"Nyama sijaiacha. Hii ndiyo nimeiacha."

Tangu siku hiyo hakula nyama iliyotoka mkononi mwa Kondo. Akala kunde, mbaazi, na samaki wakavu wa ng'onda waliotoka Kivinje. Wengine walisema anaringa, wengine wakasema ujane umempanda kichwani. Yeye hakugombana na mtu. Alichofanya ni kukiteremsha kisu cha Likwata kila Ijumaa, akakinoa, akakifuta, akakirudisha ukutani. Akiulizwa cha nini, alisema kisu kisiponolewa hushikwa na kutu.

Sasa, kulikuwa na mtu akiitwa Tawakali. Huyu alifanikiwa kwa ufuta na nta, akajenga nyumba ya vyumba vinne, akavaa kofia nzuri kuliko ya Jumbe, mkubwa wa kijiji. Wakati huo vita vya Hitla vilikuwa bado havijaanza. Tawakali alikuwa anamwoza binti yake, na alitaka harusi hiyo isemwe mpaka Njinjo. Mbuzi aliwaona wadogo. Akataka ng'ombe.

Ng'ombe Mitole hawakufugwa, mbung'o hawakuwaruhusu. Ilibidi anunuliwe Kilwa Kivinje, katika kundi lililoletwa kwa miguu kutoka mbali. Tawakali akamtuma Mikaeli, Mkristo wa milimani, kijana wa kutumainiwa, akamchukue. Akamwambia, "Usimwache alale njiani, simba watamla. Mchape mpaka afike. Kiangazi hiki visima vimekauka, basi usipoteze saa kutafuta maji. Maji atakunywa Mitole."

Mikaeli akafanya alivyoambiwa. Ng'ombe mwenyewe alitoka Kivinje kachoka na safari ya kwanza, mbavu zinahesabika, na hii ikawa ya pili juu ya ile. Alipolala njiani alichapwa akainuka. Alipofika mwanzo wa mashamba ya Mitole, ulimi ulikuwa nje, mkavu kama gome.

Pale penye mashamba palikuwa na shimo kubwa, walimochimba changarawe ya barabara ya serikali. Masika lilijaa maji. Wakati huo yalibaki matope tu chini. Ng'ombe akanusa. Mnyama aliyekuwa anakokotwa akapata nguvu za ghafla, akamkatikia Mikaeli kamba, akakimbilia maji. Ukingo ukamomonyoka. Akaenda chini na mawe yake, mguu wa mbele ukavunjika chini ya goti.

Mlio wake ulisikika mpaka katikati ya kijiji. Wanawake wakaacha michi kwenye vinu, wakakimbia. Wanaume hawakuwapo hata mmoja. Jumbe alikuwa amewatoa wote tangu alfajiri kwenda kufyeka barabara ya Njinjo. Mwalimu Maftaha, mzee wa msikiti, alikuwa amekwenda kusoma hitima kitongoji cha pili.

Somoe, mke wa Tawakali, akaweka mikono kichwani. "Ng'ombe wa harusi ya mwanangu! Jamani, ng'ombe wa mwanangu!"

"Akifa kabla ya kuchinjwa ni kibudu," akasema mwanamke mmoja. "Tumekula wa chuya."

"Mikaeli, wewe si mwanamume? Shuka umchinje!"

"Mimi Mkristo, mama zangu," Mikaeli akasema, machozi yanamlengalenga. "Nikichinja mimi hawatamla, na Tawakali atanitoa roho."

Msichana mmoja akatumwa mbio kuwaita wanaume. Lakini barabara ya Njinjo ni ndefu, na wote walijua kwamba hawatafika kabla ya alasiri. Mwingine akasema waletwe watoto wa kiume, yupo mmoja ameshatahiriwa.

"Mtoto yule hana nguvu za kukata muwa," Biasha akasema. "Atamkeketa tu."

Alikuwa amefika kimya kimya na mtungi wa maji na sinia kichwani. Mama yangu, aliyekuwa mwari wakati huo, alikuwa amesimama karibu naye, na alisema kwamba Biasha hakuwatazama watu kabisa. Alikuwa anamtazama ng'ombe. Nzi walikuwa wamekwisha kujaa kwenye mfupa uliotoka nje. Kila alipojaribu kuinuka alianguka juu ya mguu uleule, akalia.

Biasha akashuka shimoni. Akamimina maji katika sinia, akamsogezea. Ng'ombe akanywa mpaka sinia likakwaruza meno yake. Akamiminiwa tena, akanywa tena.

"Unampa maji ya nini, naye anakufa?" mmoja akauliza kutoka juu.

"Kiu yake haijui kama anakufa."

Kisha akainua uso, akamtafuta Somoe. "Somoe, ng'ombe ni wenu. Nimchinje?"

"Wewe?" Somoe akasema. "Mwanamke?"

"Mimi. Kichwa nimeshika miaka yote ya Likwata. Kisu nimenoa mimi. Sikia, Somoe: wanaume watakuja alasiri, na mnyama huyu atalia hivi mpaka alasiri, halafu atakufa hivihivi na nyama isiliwe. Au nimchinje sasa, alale."

Somoe akamtazama ng'ombe. Ng'ombe akajaribu kuinuka, akaanguka, akalia. Somoe akajikaza kanga kiunoni.

"Chinja. Nikiachwa, niachwe."

Basi Biasha akaenda nyumbani, akarudi na kisu kimefichwa ndani ya kanga. Akawapanga wanawake kama aliyewapanga maisha yake yote. Mikaeli akafunga miguu mitatu mizima. Ule uliovunjika akaambiwa asiuguse. Wanawake wakakaza kamba, mama yangu miongoni mwao. Wakamgeuza polepole, kichwa kikaelekea kibla. Biasha akavua kanga yake ya juu, akamfunika macho. Akapiga magoti kwenye matope, akamsemesha. Waliokuwa karibu walimsikia akisema, "Pole, baba. Safari imekwisha."

Halafu kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Bismillahi, Allahu Akbar."

Mkono ulikwenda ukarudi. Wanawake walikuwa wamefumba macho, wamekaza meno, wanangoja ule mlio na ile mieleka waliyoizoea siku za Iddi. Walingoja bure. Damu ilitiririka kwenye changarawe, miguu ikanyooka, mnyama akashusha pumzi ndefu, akatulia. Mmoja akafumbua macho akauliza, "Bado?"

"Tayari," akasema Biasha.

Somoe akaketi chini palepale. "Kumbe ni hivi?" akasema. "Mie miaka yote nilidhani lazima wapige kelele."

Hapo ndipo kigelegele cha kwanza kilipotoka, na cha pili kikakifuata. Wakamchuna wenyewe, Mikaeli akiwaonyesha maungio. Wakakata mapande, wakayapakia katika majani na nyungo, na msafara ukatoka shimoni kuelekea kijijini, wanawake peke yao na nyama vichwani, wanaimba nyimbo za harusi. Mama yangu alibeba paja, damu inamchuruzika shingoni, na alisema hajapata kujiona mrefu kama siku ile.

Wanaume wakawakuta uani kwa Tawakali, masufuria yamekwisha kuinjikwa. Kondo alikuwa wa kwanza kuuliza. "Nani amechinja?"

"Mimi, shemeji," Biasha akasema.

Kondo akacheka, akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna anayecheka naye, uso ukambadilika. "Basi hicho ni kibudu! Tangu lini mwanamke akachinja? Umemwaibisha marehemu kaburini! Teremsheni masufuria hayo!"

Tawakali alimtazama mkewe, akaitazama nyama juu ya majani ya mgomba, akawafikiria wageni wa kutoka Njinjo ambao wangefika kesho yake. Wanaume wakajitenga upande mmoja wa ua. Wengine walisema ni haramu. Wengine wakasema hapana, ni makuruhu. Na yupo mmoja aliyesema yeye hajui dini lakini ana njaa. Mbwa wakaanza kuzunguka. Tawakali akafumbua kinywa mwishowe, akasema, "Tumngoje Mwalimu."

Mwalimu Maftaha akaja na fimbo yake, mavumbi mpaka magotini. Wakataka kumweleza wote kwa pamoja. Akainua fimbo, wakanyamaza.

"Aliyechinja ni nani?"

"Ni mimi. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ng'ombe alikuwa hai ulipomwekea kisu?"

"Alikuwa hai. Alikuwa ametoka kunywa maji."

"Damu ilitoka?"

"Kaulize changarawe ya shimoni, Mwalimu," Somoe akadakia.

"Jina la Mwenyezi Mungu ulilitaja?"

"Nililitaja."

"Tulisikia sote!" wanawake wakaitika.

"Nipe kisu."

Akapewa. Mzee akachomoa udevu mmoja, akauning'iniza, akaupitishia kisu. Ukakatika bila kulegea. Akakitazama kipande kilichobaki kidoleni. "Kisu hiki kisiletwe karibu yangu tena," akasema. "Ndevu zenyewe zimebaki chache."

Watu wakacheka, ila Kondo hakucheka. "Mwalimu, lakini huyu ni mwanamke."

"Namwona, Kondo. Macho yangu hayajafika huko." Akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. "Sikilizeni. Palikuwa na kijakazi akichunga kondoo wa bwana wake. Kondoo mmoja akawa anakufa. Kijakazi hakuwa na kisu. Akavunja jiwe, akamchinja kwa makali ya jiwe. Wakaenda kumwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie. Akawaambia kuleni. Hakuuliza kama ni mwanamke. Hakuuliza kama ni mtumwa. Basi ninyi watu wa Mitole mmeupata wapi uchaji unaompita Mtume?"

Biasha akasogea mbele hatua moja. Alikuwa bado na matope magotini.

"Mwalimu, naomba kusema."

"Sema."

"Tangu wamerudi wananiuliza mkono wangu tu. Mkono wangu halali au haramu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ng'ombe huyu alikujaje. Amechapwa njia nzima. Hakupewa maji, kwa kuambiwa atakunywa Mitole. Maji ya Mitole ndiyo yaliyomvunja mguu. Mbuzi tunawachinja wanatazamana. Kisu kinakata mara tatu, mara nne, na sisi tunasema bismillahi kwa kila mkato, kana kwamba Mungu hasikii kitu kingine ila sauti zetu. Mimi nyama naila, Mwalimu. Mungu katuhalalishia, nami naipenda. Lakini anayenipa uhai wake nile, nimnyime maji?"

Mikaeli alikuwa ameinama, na Tawakali akakohoa kidogo.

"Katika jambo hili kosa lipo," Mwalimu Maftaha akasema taratibu. "Tena ni kubwa. Ila si la Biasha. Tumeamrishwa kuchinja kwa wema, tunoe kisu, tumpumzishe mnyama. Nimelisoma hilo mbele yenu mara nyingi, na mmeniitikia amina, kisha mkaenda kufanya mnavyotaka. Nami nilikuwa nakula pamoja nanyi." Akageuka. "Tawakali, ng'ombe ni wako. Umesikia."

Tawakali alikuwa mtu wa kiburi, lakini hakuwa mjinga. Akavua kofia yake nzuri, akaikunja mkononi. "Niliyemwambia asimpe maji ni mimi," akasema. "Mikaeli hana lawama. Bi Biasha, umeniokolea harusi yangu."

"Nileteeni ini," Mwalimu akasema.

Likaletwa lililochomwa kwenye makaa. Mzee akapiga bismillahi, akakata kipande mbele ya watu wote, akatafuna pole pole na meno yake machache, akameza. Kisha akakata kipande cha pili, akampa Biasha kwa mkono wake. Biasha akala. Ilikuwa nyama yake ya kwanza tangu Iddi ile, na mama yangu anasema machozi yalimtoka naye anatafuna, tena anacheka.

Vigelegele vya siku hiyo vilisikika mpaka walikokuwa wafukuza ndege mashambani. Masufuria yakachochewa. Kesho yake watu wa Njinjo wakafika, wakala pilau mpaka wakalegeza mishipi, na bibi harusi akapelekwa kwa mumewe kwa ngoma isiyolala. Yule aliyesema hajui dini alipakuliwa sahani tatu. Kondo peke yake hakula. Alijifungia ndani, akatuma salamu kwamba tumbo linamwuma.

Iddi iliyofuata Kondo akatoka na kisu chake kama kawaida, akaenda kiwanjani, akakaa. Hakuja mtu. Mbuzi wote wa Mitole walikuwa wamepelekwa uani kwa Biasha tangu jana yake, wamefungwa kivulini, kila mmoja na maji yake. Biasha aliwachinja mmoja mmoja nyuma ya ukuta wa makuti, wengine wasione. Saa nne Kondo akatokea, anamkokota beberu wake mwenyewe. Alipofika mlangoni akaacha kukokota. Akamfungua kamba ya mguu, akamshika kwa pembe, akamwingiza kwa taratibu.

"Shemeji, nimeleta wangu."

"Karibu, shemeji. Ameshakunywa?"

"Hajanywa."

"Mpe anywe. Kisha umshike kichwa wewe mwenyewe, na umwambie pole."

"Mimi? Nimwambie mbuzi?"

"Wewe."

Kondo akatazama huku na huku kama kuna anayemwona, akainama sikioni mwa beberu akanong'ona. Alinong'ona nini hakumwambia mtu. Ila alipoinuka alikivuta kisu chake kikubwa kiunoni, akampa Biasha. "Kinoe basi," akasema. "Wewe na jiwe lako." Kuanzia hapo wakafanya kazi pamoja, naye akawa mshika kichwa hodari, maana ule ucheshi wake uliowachekesha wagonjwa uliwafaa na wanyama.

Mwalimu Maftaha akatangaza msikitini kwamba mwanamke anayejua na achinje. Biasha akawafundisha wenzake kuku kwanza, halafu waliotaka wakaendelea kwa mbuzi. Wake za watu hawakusimama njiani tena. Mikaeli naye, aliyeendelea kuletea watu ng'ombe wa harusi kutoka Kivinje, alijua sasa kila kisima kilichobaki na maji kiangazi. Aliwalaza ng'ombe wake katika maboma ya miba na moto, simba wakanguruma nje. Alifika siku moja baadaye kuliko wengine, na ng'ombe wake wanatembea wenyewe bila fimbo. Wenye harusi wakamngoja yeye.

Heshima aliyoipata Biasha ilionekana zaidi mwaka mmoja baada ya vita kwisha, Jumbe alipopata mgeni, karani wa serikali kutoka Boma. Jumbe akaleta mbuzi jike mnene achinjwe haraka. Biasha akampa maji. Akapitisha mkono tumboni, akasimama hapo kitambo.

"Jumbe, huyu simchinji. Ana mimba."

"Mimba wapi! Huyo ni mnene tu."

"Lete mkono wako."

Jumbe hakuuleta mkono. "Mgeni wa serikali amekaa barazani kwangu! Nimpe nini ale?"

"Kuna kunde, kuna nazi, kuna papa mkavu. Nitapika mwenyewe."

"Na nikiamuru uchinje?"

"Kisu kile pale ukutani, Jumbe. Kichukue uchinje kwa mkono wako."

Jumbe akakitazama kisu. Akamtazama Kondo, na Kondo akajifanya anafunga kamba ya kiatu naye yu miguu mitupu. Jumbe akaondoka kwa hasira, mbuzi akimfuata nyuma.

Biasha akapika. Kunde za nazi, papa wa kuungwa kwa ukwaju, wali mweupe. Karani akala, na sahani ilipokwisha akauliza kama jikoni kumebaki kitu. Alikaa siku mbili zaidi kuliko alivyopanga, na alipoondoka alimshika Jumbe mkono akamwambia kwamba kila aendako huchinjiwa mbuzi mgumu, lakini Mitole wanajua kumpokea mtu.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja Biasha akasikia hodi, na sauti ilikuwa ya Jumbe. Alikuwa amesimama mlangoni na kanzu yake ya Ijumaa, amepakata wanambuzi wawili, mmoja kila kwapa, bado wamelowa, na mama yao anapiga kelele nyuma yake akitaka arudishiwe.

"Pacha," Jumbe akasema. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyezaa mwenyewe. "Majike yote mawili, Bi Biasha! Majike!"

"Hongera, Jumbe. Karibu ndani."

"Huyu mwenye baka jeupe ni wako."

Biasha akampokea, akamweka mapajani. Kondo alikuwa amefika kwa kelele zile, na mama yangu, na Somoe, na nusu ya mtaa. Kanambuzi kakatafuta chuchu kwenye vidole vya Biasha, kakapata kidole kimoja, kakanyonya kwa nguvu.

"Na huyo tutamla lini?" Kondo akauliza.

"Toka hapa, shemeji," Biasha akasema, na watu wote wakacheka, na Jumbe akacheka kuliko wote.